Jiwe Linalotoa Jasho

Mikono ya Tekla ilikuwa na tabia yake yenyewe. Mwili mzima ungeweza kuwa umetulia, uso mkavu, hata kwapa hazina habari, lakini viganja vinatiririka. Shuleni karatasi za mtihani zilijikunja chini ya mkono wake na wino ukatambaa ulikotaka. Maabarani alikofanya kazi, pale Iringa mjini, akivua glavu mwisho wa zamu ungedhani alikuwa anafua. Na kanisani, padri akisema watu watakiane amani, Tekla alikuwa wa kwanza kuingiza mkono mfukoni kuufuta na wa mwisho kuutoa.

Daktari alishamwambia kwamba si ugonjwa, ni maumbile. Mama yake alisema maumbile hayo yametoka kwa ukoo wa baba. Shangazi upande wa baba akasema hapana, hayo ni ya upande wa mama, wao wanajulikana. Yakawa hayana mwenyewe, yakabaki yake Tekla. Na Tekla, tangu utotoni, alizoea kuamini kwamba kitu chochote kikikutwa kimelowa mahali alipopita, mkosaji anajulikana.

Ndiyo maana watu walishangaa alipoanza kukwea mawe. Iringa mawe si ya kutafuta. Yamekaa tu vilimani, mengine makubwa kuliko nyumba, na watu wamejenga kuyazunguka. Kuna kikundi cha vijana ambacho Jumamosi alfajiri hubeba magodoro ya zamani ya kuangukia na kwenda kuyapanda bila kamba. Hawaendi juu sana, kimo cha paa la nyumba ya kawaida, lakini wanapita upande mgumu kwa makusudi, kwa kushika vijipengo na vijimeno ambavyo wewe na mimi tusingeviona. Wanaviita vishikizo. Na kabla ya kushika, kila mtu huchovya mikono kwenye mfuko wa unga mweupe wanaouita chaki, ili jasho likauke. Tekla aliposikia kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu anaruhusiwa kufuta mikono mbele za watu, tena akaonekana anajua anachofanya, alijiunga wiki hiyohiyo.

Huko ndiko alikokutana na Gwakisa, Mnyakyusa wa Matema, fundi wa minara ya simu, mtu mrefu mwenye kucheka kwa urahisi. Siku waliyopeana mikono mara ya kwanza wote wawili walikuwa weupe kwa chaki hadi viwikoni, kwa hiyo Gwakisa alikaa muda mrefu bila kujua siri ya ile mikono. Alipokuja kujua alisema, "Kumbe," akaendelea kumenya chungwa lake. Tekla aliamua palepale kwamba huyu hamwachi.

Sasa ilikuwa Julai na Gwakisa alitaka kuoa. Kwao Matema, pale milima inapoingia moja kwa moja kwenye Ziwa Nyasa, baba yake, Mzee Saulo, ndiye mwenye neno la mwisho. Mpango ulikuwa hivi: Tekla aende akaonekane, akae siku chache, na Jumapili baada ya ibada mzee aseme kama atatuma washenga Iringa au hatatuma. Akituma, ndoa ipo. Asipotuma, Gwakisa hakuwa mtoto wa kumpita baba yake, na Tekla hakuwa mwanamke wa kuolewa kwa kujipenyeza. Wote wawili walilijua hilo na hawakulitaja njiani.

Walichokitaja njiani ni jiwe. Gwakisa alikuwa amemsimulia habari zake tangu mwanzo: mwisho wa ufuko, nje kidogo ya kijiji, kuna jiwe limesimama mguu mmoja nchi kavu na mguu mmoja majini, na uso wake wa upande wa milima una mstari wa vishikizo kutoka chini mpaka juu. Alilijua tangu utoto, walikuwa wakiruka kutoka juu yake kuingia ziwani. Hakuwahi kulikwea kwa ule upande mgumu. Kwa ajili hiyo walisafiri na godoro, kutoka Iringa hadi Mbeya, Mbeya hadi Kyela, na kutoka Kyela likafungwa juu ya bajaji, na kila waliyempita barabarani aliuliza ni nani anahamia.

Kwenye bajaji Tekla alifanya mazoezi. Leso kwenye mkono wa kushoto. Futa, toa wa kulia, shika, achia mapema. Kwa Mama Gwakisa mbinu ilifanya kazi nusu tu, maana yule mama alipoushika mkono hakuuachia tena.

"Mikono ya baridi, masikini," alisema huku akiisugua. "Umetoka mbali, mwanangu."

Tupokigwe, dada yake Gwakisa, akamkumbatia na kumwita wifi kabla hata hajajua jina lake lingine. Tekla akaanza kupumua. Ndipo Mzee Saulo alipotokea upande wa migomba, ametoka kwenye kakao zake, panga mkononi, kofia imeshuka usoni.

Tekla alifanya kama alivyofundishwa kwao. Alipiga goti, akatoa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia kiwiko, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

Mkono haukuja. Alipoinua macho alimwona mzee amerudi nyuma, mikono ameificha mgongoni pamoja na panga lake, uso ameugeuzia ukutani. Alitamka maneno machache ya Kinyakyusa kuuambia ule ukuta. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwa njia ya jikoni, penye matope ambayo hata kuku hawayapendi, akapotea.

Gwakisa, ambaye angeweza kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja, alikuwa amewapa kisogo, anabishana na dereva wa bajaji kuhusu fundo la kamba ya godoro. Wanaume wana kipaji cha kutokuwepo wakiwa wapo. Mama Gwakisa alisema tu, "Inuka, mwanangu, ingia ndani upumzike," kwa sauti ya mtu ambaye hajaona cha ajabu. Lakini Tekla hakuisikia hiyo sauti. Alikuwa anatazama kiganja chake kilichobaki hewani. Kilikuwa kinang'aa.

Jioni ile ilimthibitishia. Mzee alikula barazani na Gwakisa, wanawake wakala ndani. Tekla alipotoka kumwaga maji ya kunawia, mzee aliinuka kwenye kigoda akaondoka, chai yake ikabaki pale inatoa mvuke. Alipokwenda bombani, mzee aliyekuwa anakuja kwa njia hiyohiyo alikata kushoto akaingia kwenye migomba. Hata mtu mwenye ukoma enzi za zamani, alijiambia Tekla, hakukimbiwa hivi.

"Baba amesema nini juu yangu?" alimuuliza Gwakisa kabla hawajaagana kwenda kulala, yeye kwa akina Tupokigwe, Gwakisa kwenye nyumba ya wavulana.

"Hajasema kitu. Baba siyo msemaji. Subiri Jumapili."

Tekla angeweza kumweleza. Alifungua kinywa kabisa. Lakini angeanzia wapi? Baba yako ameona mkono wangu akauchukia? Aibu ya namna hiyo ukiisema inakuwa kubwa zaidi, angalau ndivyo anavyofikiri mwenye nayo. Akasema tu, "Kesho tukaone hilo jiwe lako."

Walikwenda alfajiri, kwa sababu watu wa Iringa ndivyo wakweavyo. Kule kwao asubuhi ya Julai jiwe ni kavu na baridi, linashika kiatu vizuri. Ukichelewa, jua linalichoma na ngozi ya vidole inalainika. Hakuna aliyewahi kumwambia Tekla kwamba hiyo ni kanuni ya Iringa tu. Alidhani ni kanuni ya mawe.

Ziwa lilikuwa limelala, halina hata wimbi la kulowesha kandambili. Milima upande wa mashariki ilikuwa imesimama mbele ya jua, kijiji chote kikiwa bado kivulini. Na jiwe lilikuwa zuri kuliko maelezo ya Gwakisa. Walitandika godoro, Tekla akavaa viatu, akachovya mikono, akashika kishikizo cha kwanza, akajivuta, akafikia cha pili, na vidole vikateleza kama vimepakwa sabuni. Akaangukia godoro kwa makalio.

Alichovya tena. Safari hii akaona chaki yenyewe imegeuka uji, imenata kwenye vidole, nyingine imebaki kwenye jiwe kama bandiko la unga. Akafuta, akarudia, akaanguka. Mara ya mwisho hakuinuka haraka.

"Ni mikono yangu," alisema.

"Acha nijaribu," akasema Gwakisa. Naye akafika palepale, akashuka kwa mtindo uleule. Akatazama vidole vyake. "Jiwe lenyewe limelowa bwana."

"Nimelilowesha mimi."

Gwakisa alicheka sana, akidhani ni utani. Tekla hakucheka. Lakini kicheko kile kilifanya kitu kimoja cha maana: kilimuudhi, na Tekla akiudhika huwa anaanza kuchunguza. Alisimama juu ya vidole vya miguu akapapasa kishikizo cha juu kabisa alichoweza kukifikia, ambacho hakuna aliyekigusa asubuhi ile. Kilikuwa kimelowa. Vijitone vidogovidogo, vimejipanga.

"Haya maji yanatoka wapi?"

"Sijui. Asubuhi huwa liko hivi, nadhani."

"Kwa nini?"

"Tekla, ni jiwe. Liko ziwani."

Hilo halikuwa jibu, na kwa mtu wa maabara lilikuwa tusi. Siku nzima Tekla alitembea na lile swali, na kusema kweli lilimsaidia, maana lilimpa kitu cha kufikiria zaidi ya mgongo wa mzee ukipotea migombani. Mawimbi? Hapakuwa na wimbi, na vishikizo vya juu havifikiwi hata ziwa likichafuka kidogo. Basi labda linavuja kutoka ndani. Jikoni kwa Mama Gwakisa kulikuwa na mtungi wa Wakisi, wafinyanzi wa pale kando ya ziwa, na ule mtungi tumbo lake lilikuwa na unyevu mchana kutwa, kwa sababu maji yaliyomo yanapenya kidogokidogo kwenye udongo. Tekla aliupapasa mara nyingi mpaka Mama Gwakisa akamuuliza kama kwao hakuna mitungi.

Mtuhumiwa wa tatu alikuwa yeye mwenyewe. Alijua ni upuuzi. Mtu hawezi kulowesha jiwe kwa kulikaribia. Hata hivyo huyo wa tatu ndiye ambaye Tekla alimshuku kuliko wote, na alitaka sana, kwa hamu iliyomshangaza, aje mtu au kitu kimthibitishie kwamba amekosea.

Saa tisa alasiri alirudi peke yake. Jiwe lilikuwa kavu na lenye joto, lisiloonekana kama liliwahi kumwangusha mtu. Alikuwa amekata kipande cha mfuko wa nailoni wa mkate, na kwenye begi la kukwea walikuwa na plasta za vidonda. Alichagua kishikizo kimoja, akakifuta, akakifunika kwa ile nailoni, akabandika kingo zote vizuri. Pembeni yake akachagua kingine, akakiacha wazi na kukizungushia duara la chaki. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kama maji yanatoka ndani ya jiwe, kesho yatakutwa chini ya nailoni. Kama yanatoka hewani, yatakutwa juu yake. Kama yanatoka kwa Tekla, basi asubuhi hapatakuwa na maji popote, kwa sababu hatagusa kitu.

Jumapili alfajiri alitoka na Tupokigwe aliyekuwa anakwenda ziwani kuosha vyombo vya jana. Gwakisa alikuwa bado amelala. Tekla hakulala vizuri. Ile ilikuwa ndiyo siku ya mzee kusema, na jana jioni tena alikuwa amekimbiwa, mara hii mbele ya majirani. Alikuwa ameshakunja nguo zake kwenye begi.

Jiwe lilikuwa limelowa tena. Tekla aliweka mikono nyuma, karibu kama alivyofanya mzee, akasogeza uso tu. Kishikizo chenye duara kilikuwa na vijitone vyake vimejaa tele, wala hakuna mkono uliokipitia. Akatazama nailoni. Juu yake maji yalikuwa yamejipanga, mengine yameshaanza kuteleza kushuka.

"Wifi, unaliombea jiwe?" aliuliza Tupokigwe kutoka kwenye sufuria zake.

"Njoo. Nibandulie hiyo plasta. Mimi sitaki kugusa."

Tupokigwe alifuta mikono kwenye kitenge, akabandua. Tekla akainama mpaka pua ikakaribia kugonga. Chini ya nailoni jiwe lilikuwa kavu, vumbi la chaki la jana bado liko palepale, jeupe. Akamwambia Tupokigwe apitishe kidole. Kidole kikatoka na vumbi.

"Hewani!" Tekla alipiga kelele hadi ndege wakaruka. "Yanatoka hewani! Ziwa usiku lina joto, hewa yake imejaa maji, jiwe limepoa, jua limezuiwa na milima, basi hewa ikigusa jiwe inaacha maji. Siyo mimi! Wifi, siyo mimi!"

"Sasa nani kakwambia ni wewe?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Lakini Tekla alikuwa amekesha, na furaha ilikuwa imemfungua mahali ambapo hakujiandaa. Machozi yakaja. Akakaa juu ya mchanga akasema yote: viganja, karatasi za mtihani, leso, kanisani, goti alilopiga, mkono uliobaki hewani. "Baba yako ameuona ukitiririka. Hakutaka kuushika. Na tangu siku hiyo akiniona anakimbia. Leo atasema hapana, na mimi simlaumu, lakini angenipa mkono tu. Angefuta baadaye."

Tupokigwe aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kutetemeka mabega, Tekla akadhani analia naye. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, sufuria moja ikaanza kuelea kuondoka na hakuifuata.

"Wifi yangu. Gwakisa hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

"Mungu wangu, kaka yangu ni mjinga kiasi gani!" Alijifuta machozi kwa kitenge. "Sikiliza. Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawashikani mikono. Hawaangaliani usoni. Hawapiti njia moja. Ukimwona anakuja, wewe jifiche. Akikuona, yeye anapinda. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wengi wameacha, ila baba ni wa zamani. Mke wa kaka yetu mkubwa hadi leo akimletea chakula anamtuma mtoto. Tulidhani unajua! Mama alisema, huyu binti wa Iringa amesahau kidogo kwa sababu ya uchovu."

Tekla alitazama kiganja chake. "Kwa hiyo hata ungekuwa mkono mkavu—"

"Mkavu kama kuni, asingeushika. Ila subiri, hujaelewa bado." Tupokigwe alimsogelea, na sasa hakuwa anacheka. "Wewe ulikuwa umeingia muda ule. Hakuna mshenga, hakuna mahari, hakuna neno. Ulikuwa mgeni tu. Na wageni baba anawapa mkono, wote, hata wauza vyandarua. Mwaka juzi Gwakisa alileta rafiki yake wa kike wa chuo, eti wanapita tu. Baba alimpa mkono, akampa na kiti, wakapiga stori mpaka jioni. Yule dada alifurahi sana. Mama alikwenda jikoni akaniambia, huyo siyo."

Tekla alikumbuka ile sauti ya Mama Gwakisa, inuka mwanangu, sauti ya mtu ambaye hajaona cha ajabu. Akakumbuka mzee akizunguka kwenye matope akiwa na viatu vyake, kwa sababu njia kavu ilikuwa na mkamwana wake amepiga goti katikati. Alikuwa amejibiwa siku ya kwanza kabla hata godoro halijashushwa, na yeye akaenda kukunja nguo.

"Na yale maneno aliyouambia ukuta?"

"Alisema, mpeni maji, ametoka mbali."

Gwakisa alipotokea na godoro kichwani, hana hili wala lile, alipokelewa kwa tambara lililolowa la kuoshea vyombo usoni, kisha jingine. Alipoelezwa alishika kichwa kwa mikono miwili na godoro likaanguka. Alisema alisahau. Alisema kwake ni kitu cha kila siku, nani anakumbuka kumwambia mgeni kwamba hapa watu wanatembea kwa miguu? Walimwacha ajieleze mpaka akachoka.

Wakati huo jua lilikuwa limevuka milima. Lilishuka kwenye jiwe polepole kutoka juu, na mahali lilipofika vijitone viliondoka bila kuaga. Tekla sasa alijua la kufanya. Hakugusa chaki kwanza. Alifuta kila kishikizo kwa kitambaa kikavu, akasubiri jua likipashe, akakipapasa kwa mgongo wa mkono kuona kama kimeshakuwa na joto la mwili, kisha akafuta tena. Chaki ikaja mwisho, kidogo tu, na safari hii ikabaki unga. Viganja vyake vilikuwa vinatoka jasho kama siku zote. Lakini jasho la mkono kwenye jiwe kavu ni jambo alilokuwa na uzoefu nalo wa miaka mingi; kilichomshinda jana ni maji ya pande mbili kukutana.

Alishika cha kwanza, cha pili, kile cha tatu kilichomwangusha. Kikashika. Gwakisa chini ameinua mikono tayari kumdaka, Tupokigwe ameziba macho anachungulia kwenye vidole. Mguu wa kulia ukapata mahali, mwili ukaenda pembeni, mkono ukaenda juu kabisa, na Tekla akajivuta akalala kifudifudi juu ya jiwe, anahema, anacheka peke yake.

Aliinua kichwa aone ziwa, na badala ya ziwa akaona kofia. Mzee Saulo alikuwa anakuja kwa njia ya ufukweni kwenda ibadani, koti la suti limemkaa vizuri, Biblia kwapani. Na mkamwana wake yuko juu ya jiwe siku ya Jumapili, amevaa suruali.

"Baba anakuja!" alinong'ona Gwakisa kwa sauti iliyosikika hadi upande wa pili wa ufuko, na kwa busara ya ghafla akamtupia dada yake godoro, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Hapakuwa na mgomba wa kujifichia. Tekla alifanya lililowezekana. Alijilaza bapa, akageuza uso upande wa milima, akajivutia ukosi wa fulana mpaka puani. Akasikia hatua kwenye mchanga zikikaribia, zikisimama.

"Tupokigwe," ilisema sauti ya mzee. Ilitokea upande, kama mtu anayeongea na ziwa. "Mwambie aliyeko juu asishukie upande wa majini. Upande ule haukauki hata mchana."

Tupokigwe alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye jiwe. Alisafisha koo. "Wifi, baba anasema usishukie upande wa majini, haukauki."

"Mwambie nimesikia," alisema Tekla ndani ya fulana. Akatafuta neno moja la Kinyakyusa alilokuwa amejifunza, la kushukuru sana. "Mwambie ndaga fijo."

"Baba, anasema ndaga fijo."

Mzee hakuondoka. Tekla alimsikia akihamisha Biblia kutoka kwapa hili kwenda lile.

"Na umuulize," alisema, "huko kwao Iringa, mwezi wa nane baridi inakuwaje. Wazee nitakaowatuma ni watu wa ziwani. Hawana makoti."

Tupokigwe alisahau kupeleka ujumbe, akaziba kinywa kwa kitenge. Gwakisa aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu alikuwa ameacha kuifunga.

"Mwambie," alisema Tekla hatimaye, na machozi yalikuwa yanamshukia puani kwa kuwa alikuwa amelala vibaya, "mwambie baridi ni kali. Lakini waje hivyohivyo. Nyumbani kwetu makoti yapo na moto upo."

"Baba, anasema waje."

"Nimesi—" alianza mzee, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa kuwa amesikia. "Haya," aliliambia ziwa. Hatua zikaendelea kwenye mchanga, na mbele kidogo kengele ya kanisa ikaanza.

Tekla alisubiri mpaka zilipopotea ndipo akajiinua. Pale alipokuwa ameegemeza mikono, juu ya jiwe kavu, zilibaki alama mbili za viganja vyake, mbichi, vidole vyote vinaonekana. Leso ilikuwa mfukoni. Hakuitoa. Alikaa akiziangalia jua likizikausha, kisha akamuuliza Gwakisa upande wa kushukia ni upi.